Matembezi ya mafunzo ya watu wazima: nani anamufundisha nani?

Wakubwa wanasema: kuishi kwingi ni kuona mengi. Neno hilo tunalitumia kila siku, lakini wakati tunawapeleka watu wazima kutembelea mambo ya utamaduni, tunalisahau. Tunawapandisha katika bisi, tunawapanga mbele ya kabati la vioo, na tunawaeleza dunia kama vile wao hawajaishi hata siku moja. Katika kurasa hizi tunataka kuyapima matembezi hayo, bila kumuchokoza mutu, na tutaanza na yale yetu sisi wenyewe.

Kila musomaji wa Lubumbashi anayajua. Vituo vya kisomo vya watu wazima, vikundi vya mama wa parokia, vyama vya utamaduni kama chetu, vyote vinapenda kutengeneza siku moja ya matembezi, zaidi sana wakati mvua imekatika. Asubuhi watu wanakutana, wanapanda bisi, wanaenda ku Museo ya Taifa, kisha wanapita kuangalia ile shemine kubwa na teril, ule mulima mweusi wa mabaki ya tanuru. Wanakula bukari pamoja, wanapiga foto, jioni wanarudi nyumbani.

Kusema kweli, siku hiyo iko na uzuri wake. Kuko mama wenye wameishi miaka makumi ine katika komine ya Kenya ao Katuba na hawajaingia ku museo hata mara moja. Museo hiyo ilianzishwa na Francis Cabu mwaka wa 1946, na tangu wakati ule watu wengi wa muji waliizoea kama nyumba ya wengine: nyumba ya Wazungu, kisha nyumba ya wasomi wa inivesite. Kumufungulia mama ule mulango na kumwambia «ingia, ni kwako» ni kazi nzuri. Hatutaki iachwe. Lakini kazi nzuri inaweza pia kufanywa vibaya, na sisi tuliifanya vibaya.

Mwaka fulani tulitengeneza siku kama hiyo kwa kikundi cha watu wazima wenye walikuwa wanajifunza kusoma na kuandika. Mupango wetu ulikuwa na vituo vitano kwa saa sita. Kiongozi alikuwa kijana wetu, mwenye masomo na mwenye adabu, na maelezo yote alikuwa ameyaandika katika kaye yake. Hatumulaumu yeye. Alifanya vile tulimutuma.

Tulifika mbele ya misalaba ya mukuba. Kijana akasoma katika kaye: jina, uzito, kazi yake. Mama mumoja akainua mukono, akauliza: «Mwanangu, hawa wakubwa walikuwa wakristo mbele bapadri wafike?» Watu wakacheka. Kijana akacheka pia, akaangalia saa yake, akasema: «Tutajibu nyuma, mama.» Ile nyuma haikufika. Mama hakuuliza tena neno lolote mupaka jioni.

Leo tunaona wazi kama lile lilikuwa ulizo bora la siku nzima. Juu ya nini? Kwa sababu kulijibu kungetupeleka mbali. Misalaba hiyo ilimiminwa katika inchi yetu kabla ya misionere wa kwanza kukanyaga hapa. Katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yenye Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimbua katika mwaka wa 1957 na wa 1958, misalaba ilikutwa pamoja na mifupa ya wafu. Kwa hiyo umbo lile si la kanisa. Lilikuwa feza ya kununulia na ya kuposea, na mutu aliweza kuzikwa nayo. Na nani aliifanya? Wayeyushaji wa mukuba, wenye walifanya kazi wakati wa jua, kisha mavuno: waliokota majiwe ya kijani ya malakiti, walichoma makaa, walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, walipuliza moto kwa mivukuto ya ngozi. Monsenyeri de Hemptinne aliandika juu yao katika mwaka wa 1926 na akawaita «walaji wa mukuba». Halafu misalaba ileile ikapanda juu ya bendera ya Katanga ya Tshombe, kuanzia 1960 mupaka mwanzo wa 1963. Feza, ndoa, mazishi, dini, siasa: vyote vilikuwa ndani ya ulizo la mama. Yeye alifungua mulango, sisi tukaufunga kwa sababu ya saa.

Kituo cha ine kilikuwa teril. Kijana akaeleza kama ule mulima ni takataka ya mawe yenye hayakuwa na faida, yenye yalitupwa pale. Nyuma ya kikundi alisimama mushamuka mumoja, kofia mukononi. Alisikiliza mupaka mwisho, hakusema kitu. Ni katika bisi tu, wakati wa kurudi, njo alimwambia jirani yake: «Huyu mutoto anasema vizuri, lakini ule moto hakuuona.» Tukamuuliza ni moto gani. Alikuwa amefanya kazi ku tanuru miaka mingi. Akatueleza namna ile kitu haikutupwa kama mawe: ilimiminwa ikingali ya moto, inatembea kama uji, na usiku mbingu ilikuwa nyekundu mupaka watoto katika kambi walizoea kulala na ule mwangaza. Akatueleza pia harufu ya moshi, na namna mutu alijua kwa rangi ya moto kama kazi inaenda vizuri ao hapana. Kwa dakika kumi, bisi nzima ilinyamaza. Zile dakika kumi, zenye hazikuwa katika mupango, njo zilikuwa matembezi ya kweli.

Basi kosa letu la kwanza ni hili: tulifikiri kama mutu mwenye hajui kusoma ni mutu mwenye hajui. Mutoto wa shule ya musingi unaweza kumweleza muji, kwa maana muji ulimutangulia. Lakini mutu wa miaka 60 ameujenga huu muji, ameufagia, ameupikia chakula. Kumusimamisha mbele ya kazi yake mwenyewe na kumukataza kusema, hata kwa upole, ni kumunyanganya.

Kosa la pili ni la luga. Tulikuwa tumewafundisha miezi kazaa kusoma Kiswahili. Siku ya sherehe, karatasi ya mupango yenye tuliwagawia ilikuwa ya Kifaransa! Walikunja ile karatasi vizuri na kuiweka katika sakoshi, kwa heshima. Hakuna mwenye alijaribu kuisoma. Siku yenye wangeweza kuonja matunda ya masomo yao, tuliwakumbusha tena kama maandiko ni ya wengine. Na pale tulisema Kiswahili, tulisema kile cha kitabu, chenye hata sisi hatutumii nyumbani.

Kosa la tatu ni haraka. Vituo vitano kwa saa sita, pamoja na kula na foto, ni kukimbizana. Mutu anarudi na majina mengi na hana hata jambo moja lenye anaweza kumweleza mujukuu wake.

Mutu anaweza kutuambia: «Lakini wakubwa nao wanakosea. Wanachanganya miaka, wanaongeza chumvi. Mukiwaachia maneno yote, mutafundisha hadisi.» Ni kweli, na ni neno lenye uzito. Tutoe mufano. Tarehe 9 Desemba 1941, askari waliwapiga risasi wafanyakazi wa Union Minière wenye walikuwa wamegoma, katika uwanja wa mupira hapa kwetu. Juu ya hesabu ya wafu, hesabu ya serikali ya wakati ule na ile ya watu wa kambi hazikubaliani. Kiongozi mwenye anataja hesabu moja tu na kupita, hajafundisha historia. Na mushamuka mwenye anasema tu vile alisikia kwa baba yake, naye hajaimaliza. Kazi ya kiongozi ni kuweka maneno yote mawili mbele ya watu na kuuliza: kila moja linatoka wapi, na lilimufaa nani? Watu wazima wanajua sana kazi hiyo. Wanaifanya kila siku katika kesi za familia.

Tena tusisahau kama kusoma hakukuanza na herufi. Waluba walikuwa na lukasa, ubao mudogo wa kushika mukononi, wenye shanga na makombe. Watu wa chama cha Mbudye waliusoma kwa kidole: ushanga huu ni mufalme fulani, ule ni njia, ule ni mahali patakatifu. Na ubao uleule haukusomwa namna moja kila siku. Musomaji aliangalia ni nani wenye wako mbele yake na ni jambo gani limewakutanisha. Mutu mwenye kuukariri kama kasuku hakuwa musomaji. Tungewaambia wanafunzi wetu wazima habari hiyo tangu siku ya kwanza, wangejua kama wanaendelea na kazi ya mababu, hawaanzi kutoka sifuri.

Na karibu nasi zaidi, kuko ule muandiko wa 1965 wenye unaitwa «Vocabulaire de ville de Elisabethville», wenye André Yav aliutunga kwa jina la chama cha maboyi wa zamani, wale wenye walifanya kazi katika nyumba za Wazungu. Waliuandika katika Kiswahili cha hapa, vile wanakisema. Haufuati kila mara miaka kama kitabu cha shule. Lakini unatuonyesha muji kutoka jikoni na kutoka nyuma ya nyumba, mahali penye hakuna karani wa serikali alisimama. Inivesite yetu pia ilielewa jambo hilo: katika kazi ya «Mémoires de Lubumbashi», yenye ilifanywa kuanzia miaka ya 2000, watafiti walienda kuwauliza watu wa muji na kukusanya vitu vya nyumbani mwao, ili vionyeshwe katika museo. Yaani njia imekwisha kufunguliwa. Ni sisi, watu wa matembezi, wenye tumebakia nyuma.

Tufanye nini basi? Hatuna feza nyingi, na mupango wetu hauombi feza. Kwanza, tupunguze: mahali pawili zinatosha kwa siku moja. Pili, juma moja mbele ya safari, mwalimu awaulize wanafunzi: ni nani kati yenu alifanya kazi pale, aliishi pale, ao anajua kile kitu? Huyo apewe nafasi yake katika mupango, jina lake liandikwe, na kijana amusaidie. Tatu, kila mahali kiongozi aanze na ulizo, asianze na jibu. Anyamaze kidogo, watu wazima hawakimbilii kusema. Ine, karatasi iwe ya Kiswahili, herufi kubwa, maneno kumi ao kumi na mbili tu, yenye wanaweza kuyatambua wao wenyewe mbele ya kitu: mukuba, tanuru, makaa, kambi, posho. Tano, nyuma ya safari, kila mumoja aandike ao aandikishe mistari mitatu: nilichokijua, nilichokipata, nilichokikataa. Mistari hiyo ikusanywe katika kaye moja ya kikundi. Kaye hiyo itakuwa na bei kuliko foto zote.

Tunasema haya kwa haraka kidogo, juu wakati hautungojei. Katika mwaka wa 2003 na wa 2004, wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines waliondoka kazini katika ule mupango wa «départs volontaires». Mwenye alikuwa na miaka 50 siku ile, leo amepita 70. Teril yenyewe imekuwa ikichimbwa na kuyeyushwa tena kwa ajili ya kobalti. Mulima unapunguka, na wenye waliumimina wanapunguka pia. Kila mutu katika muji huu amekaa matanga ya mushamuka mwenye alijua rangi ya moto.

Na yule mama wa misalaba? Tulimurudilia, miezi mingi nyuma, na tukamupa jibu lake, nyumbani kwake, chini ya muembe. Alisikiliza mupaka mwisho. Kisha akasema: «Sasa mumenijibu. Lakini wale wengine wenye walicheka, ni nani atawajibu?» Hatukuwa na la kusema. Tumeandika kurasa hizi kwa sababu ya ulizo hilo la pili.