Kaure ya Versailles na Malungu ya Ufipa

Kaure ni chombo kinachotokana na udongo mweupe uitwao kaolini, unaochanganywa na unga wa jiwe maalumu, kisha ukachomwa katika joto linalokaribia nyuzi 1,300 za Selsiasi hadi ukashikamana na kuwa mgumu, usiopitisha maji, wenye kulia unapogongwa. Kwa karne nyingi ujuzi huo ulikuwa wa Wachina, na baadaye wa majirani zao wa Korea na Japani, huku mataifa mengine yakiishia kuwa wanunuzi. Miongoni mwa wanunuzi hao, wafalme wa Ufaransa wa karne ya 17 na ya 18 walijipatia sifa kubwa ya kuipenda sanaa ya Kichina. Lakini mapenzi ya mwenye mali si maarifa ya mwenye kazi, na anayeyatazama mambo hayo kutoka nyanda za juu za Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, mahali ambapo udongo na moto vilikuwa na mafundi wake, hachelewi kuona kilichopungua katika fahari ya Versailles.

Mwaka 1670 Louis wa 14 alijengewa katika bustani za Versailles jumba dogo lililoitwa Trianon ya Kaure, ingawa kaure yenyewe haikuwamo katika kuta zake: vigae vya buluu na vyeupe vilivyolipamba vilikuwa vya udongo wa kawaida uliopakwa rangi ili ufanane na kazi ya China, navyo havikustahimili baridi, hata jumba likabomolewa mwaka 1687. Mwaka mmoja kabla ya hapo ujumbe wa mfalme wa Siam, nchi ambayo leo ni Thailand, ulikuwa umefika na zawadi nyingi, zikiwamo kaure za China, na watu wa kasri wakazigombea kwa macho. Katika karne iliyofuata, zama za Louis wa 15 na kipenzi chake Madame de Pompadour, wafanyabiashara wa Paris kama Lazare Duvaux walikuwa wakiivisha kaure ya China vishikio, midomo na vikalio vya shaba iliyopakwa dhahabu, hata chombo kilichofinyangwa kiwe cha maua kikageuka kuwa birika. Kazi hiyo ina uzuri wake, wala haifai kubezwa. Ila ni uzuri wa kukivisha kitu ambacho mvishaji hawezi kukitengeneza.

Mapenzi ya namna hiyo hayakuanzia Ulaya. Zaidi ya miaka 300 kabla ya Trianon, masultani wa Kilwa walikuwa wakitumia vyombo vya China, na katika magofu ya Husuni Kubwa, kasri linalohusishwa na Sultani al-Hasan ibn Sulaiman wa mwanzoni mwa karne ya 14, mwanaakiolojia Neville Chittick alifukua chupa ya kaure ya enzi ya Yuan. Waswahili wa pwani waliviweka vyombo hivyo katika zidaka za kuta, na huko Kunduchi walipachika bakuli za Kichina katika nguzo za makaburi, matumizi ambayo kwa uzito wa maana yanaipita meza ya Pompadour. Lakini hata pwani haikufinyanga kaure, ijapokuwa vilima vya Pugu, si mbali na Kunduchi, vina akiba kubwa ya kaolini. Ufaransa nayo ilikuwa na kaolini yake huko Saint-Yrieix, karibu na Limoges, isiyotambuliwa mpaka mwaka 1768, wakati kiwanda cha mfalme cha Sèvres kilikuwa kikitengeneza kaure laini ya kuigiza, yenye unga wa kioo ndani yake. Kuwa na udongo, basi, ni jambo moja, na kujua moto unataka nini kutoka kwa udongo huo ni jambo jingine kabisa.

Mfaransa aliyelielewa hilo mapema hakuwa mtu wa kasri bali padri Mjesuiti, François Xavier d'Entrecolles, ambaye katika barua zake za mwaka 1712 na 1722 alieleza kazi ya Jingdezhen, mji wa matanuri wa China, na kutaja kwamba chombo kimoja hupita katika mikono ya watu wapatao 70. Barua hizo ni sifa bora kuliko dhahabu yote ya Paris, kwa sababu zinamsifu fundi katika kazi yake.

Kwa kipimo hicho Ufipa ina mengi ya kusema. Mafundi wake hawakutengeneza kaure. Walitengeneza chuma, na walikipata kwa kutumia tanuri la udongo liitwalo ilungu, kwa wingi malungu, mnara mpana chini na mwembamba juu, wenye kimo cha mita tatu hivi, uliojengwa kwa udongo wa vichuguu au karibu na vichuguu vyenyewe. Chini yake paliachwa matundu kuzunguka pande zote, na humo zikaingizwa kewa, yaani mabomba ya udongo ya kupitisha hewa, kisha tanuri likajazwa mkaa na mawe yenye chuma kwa tabaka na kuwashwa. Ajabu ya ilungu ni kwamba halikuhitaji mtu wa kulivuvia: kimo chake chenyewe kilivuta hewa kupitia matundu ya chini, na moto ukaendelea usiku na mchana kwa siku kadhaa. Kupanga kimo, upana na idadi ya matundu ili hewa iingie kwa kiasi, isipungue ikaua moto wala isizidi ikaharibu chuma, ni hesabu iliyofanywa bila karatasi, na kosa lake lilimaanisha mkaa wa miti mingi kupotea bure.

Bonge lililotoka humo lilikuwa bado limechanganyika na mavi ya chuma, yaani takataka za mawe yaliyoyeyuka, kwa hiyo lilipelekwa katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, ambako mivukuto ya ngozi ilitumika kulisafisha kabla mhunzi hajaligonga likawa jembe, shoka au mkuki. Kazi nzima iliongozwa na fundi mkuu mwenye kikapu cha dawa; wafanyakazi walijitenga na wake zao, na ilungu lenyewe lilichukuliwa kuwa bibi harusi, likapambwa na kuimbiwa. Msomaji wa leo anaweza kuliita jambo hilo ushirikina akapita zake, lakini atakuwa amepitwa na jambo lenyewe: Paris ilipamba chombo kilichokwisha, kilichofika kutoka mbali, wakati Wafipa walipamba tanuri, mahali ambapo mabadiliko hutokea na ambapo fundi anaweza bado kushindwa.

Jembe la Ufipa halikuingia katika kabati la mfalme yeyote. Lilikwenda shambani likalika, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 majembe ya bei nafuu kutoka ng'ambo yakaiondoa kazi ya malungu sokoni. R. C. H. Greig aliieleza katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1937, R. Wise akairudia humo mwaka 1958, na baadaye Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akaonyesha kwamba malungu ya uwandani hayakuwa peke yake, kwa kuwa upande wa Ziwa Tanganyika palikuwa na ufundi mwingine, katukutu, wenye matanuri ya umbo tofauti. Minara kadhaa ingali imesimama katika mashamba na mbuga za uwanda huo, mingine ikiwa imebomoka nusu, na matundu yake ya hewa yangali yanahesabika.