Wanaopandisha Hukumu Mtandaoni

Wakili wa Kigoma akihitaji hukumu ya Mahakama ya Rufani leo, huifungua kwenye simu yake, bure, kupitia TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania. Zamani angesubiri vitabu vya ripoti za sheria, au angemwomba mwenzake aliyeko Dar es Salaam amtafutie nakala masjalani.

Nyuma ya urahisi huo yupo mtumishi wa mahakama. Kwa hukumu za zamani, hung'oa pini kwenye jalada, hunyoosha kurasa, huziskani, kisha huhakiki kwamba hakuna iliyorukwa. Hujaza namba ya shauri, majina ya wadaawa na majaji, na tarehe. Hukumu hupewa utambulisho wake: mwaka, kisha TZCA kwa Mahakama ya Rufani au TZHC kwa Mahakama Kuu, kisha namba. Tarakimu moja ikikosewa, hukumu ipo lakini anayeitafuta kwa namba yake haipati. Shauri likimhusu mtoto aliyebakwa, jina lake lisipofichwa mapema, likishasambaa halirudi.

Wakili anayeshinda kwa kunukuu hukumu iliyopandishwa hivyo, na mwananchi anayejitetea mwenyewe mbele ya jaji, wote wana deni kwa mtumishi huyo. Anastahili vifaa bora, mafunzo na heshima yetu.