Gitaa la Mwenda Jean Bosco: Sauti Iliyosafishwa na Maneno Yanayongoja

Mhariri anapochapisha hati ya kale ya mashairi, twamtaka aeleze mambo mawili: amefuata nakala ipi, na amebadili nini. Yafaa kanuni hiyo itumike pia kwa santuri za zamani zinazotolewa upya baada ya kusafishwa sauti. Katika makala haya nitaipima kwa nyimbo za Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga, ambaye nyimbo zake nyingi aliziimba kwa Kiswahili.

Huenda msomaji wa Mwanza akauliza: Katanga yatuhusu nini? Bosco alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, miongoni mwa Wayeke. Bunkeya ilikuwa makao ya Msiri, na Wayeke ni wazao wa wafanyabiashara waliotoka Usumbwa na Unyamwezi, nchi zilizo kusini ya Ziwa Viktoria, katika karne ya 19. Basi gitaa lile lina ndugu zake huku kwetu.

Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi mjini Jadotville, ambao leo waitwa Likasi. Wimbo wake "Masanga" ulipata tuzo ya Osborn ya mwaka huo. Humo hamna bendi wala umeme. Yupo mtu mmoja na gitaa lake, anayetumia vidole viwili vya mkono wa kuume: gumba lashika nyuzi nene, na kidole cha shahada chacheza nyuzi nyembamba. Sikio lasadiki kwamba wapigaji ni wawili, wanajibizana.

Kwa miaka mingi wasikilizaji walimpata Bosco kwa kupitia mikwaruzo ya sindano. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, Michael Baird wa kampuni ya SWP, Uholanzi, alizitoa upya rekodi za Tracey katika mfululizo wa CD, na magitaa ya kusini ya Kongo na kaskazini ya Zambia yakapewa diski yao. Faida yake ni kubwa. Katika santuri iliyochakaa, gumba hufichika na kidole cha shahada hubaki peke yake. Uzuri wa Bosco, ambao umo katika mvutano wa sauti hizo mbili, hupotea. David Rycroft aliuchambua mvutano huo kwa noti za muziki mwaka 1961 na 1962. Sasa mwanafunzi aweza kuufuata kwa sikio lake mwenyewe.

Hata hivyo, tusidhani kwamba usafishaji umeturudisha kwenye asili. Tracey alikuwa na desturi ya kushika maikrofoni mkononi na kuisogeza kwa kadiri alivyotaka jambo fulani lisikike. Tena, upande mmoja wa santuri ya siku zile ulibeba dakika 3 hivi, na mwimbaji alilazimika kumaliza humo. Kwa hiyo kile tukiitacho asili kilikuwa kimekwisha kuhaririwa kabla ya Baird kukigusa.

Tulinganishe na Bukoba, ng'ambo ya ziwa kutoka Mwanza. Huko mpiga nanga naye huketi peke yake na nyuzi zake, lakini utendi wake hauwezi kuenea katika dakika 3. M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika tasnifu juu ya tendi za nanga za Wahaya mwaka 1986, na mwaka 1997 akaeleza habari za Habibu Selemani, bingwa wa sanaa hiyo aliyefariki mwaka 1993. Huko maneno, mtambaji na hadhira yake vimepewa heshima sawa na nyuzi.

Bosco, aliyefariki mwaka 1990, bado angoja heshima hiyo. Maelezo ya matoleo ya SWP yameandikwa kwa Kiingereza, nasi wenye lugha hatujaandaa chapa ya Kiswahili yenye maneno ya nyimbo zake, beti kwa beti, pamoja na ufafanuzi. Atakayeifanya kazi hiyo ajihadhari na jambo moja. Kiswahili cha Katanga kina sarufi na msamiati wake. Kukisahihisha kifuate usanifu wa Dar es Salaam kungekuwa usafishaji wa pili, wenye madhara kuliko mkwaruzo wo wote wa sindano. Baird amefanya sehemu yake kwa sauti. Sehemu ya maneno ni deni letu sisi wanafunzi wa Kiswahili.