Mwandiko na Orodha ya Maneno

Newton MessagePad, iliyotolewa na Apple nchini Marekani mwaka 1993, hukumbukwa zaidi kwa dhihaka. Katuni za Doonesbury ziliicheka mwaka huohuo kwa kusoma mwandiko visivyo. Dhihaka hiyo imeficha kasoro iliyo ya kiisimu hasa. Chombo kilitegemea mno orodha ya maneno iliyohifadhiwa ndani yake, na neno lisilokuwamo lilielekea kugeuzwa kuwa jirani yake. Dhana ya kwamba lugha ni ghala la maneno yaliyokwisha kuundwa huenda ikakifaa Kiingereza kwa kiasi. Haiifai lugha ambayo kitenzi chake kimoja, tuseme ‘hawakumwandikia’, ni sentensi kamili.

Pilot, iliyotokea mwaka 1996, ilishika njia nyingine. Mfumo wake wa Graffiti ulidai karibu kila herufi ichorwe bila kuinua kalamu. A ilipoteza hata kistari chake cha katikati. Yaweza kusemwa kwamba huko ni kumtia mtu nira ya mashine, na ni kweli. Lakini mashine hiyo, kwa kutojidai kulijua neno, ilimwachia mwandishi lugha yake. Newton ilikomeshwa mwaka 1998. Tabia yake ya kukisia neno imo katika simu za leo, ambazo mara nyingi huligeuza neno sahihi la Kiswahili likawa la Kiingereza.