Roketi Iliyojifunza Kutua kwa Nauli ya Mteja

Usiku wa tarehe 21 Desemba 2015, sehemu ya chini ya roketi ya Falcon 9 ilirudi Cape Canaveral, Florida, ikatua wima kwa miguu yake minne, kabla dakika kumi hazijatimia tangu iruke. Sehemu ya juu ilikuwa bado safarini, imebeba satelaiti 11 za kampuni ya Orbcomm. Wapo waliosifu injini, wapo waliosifu mfuko wa Elon Musk, mwanzilishi wa SpaceX, kampuni iliyoiunda roketi hiyo. Kwa maoni yangu, jambo kubwa zaidi lilikuwa namna SpaceX ilivyopanga majaribio yake.

Roketi ya kubeba satelaiti huwa na sehemu mbili au zaidi. Ile ya chini, yenye injini kubwa na gharama kubwa, hufanya kazi kwa dakika mbili na nusu hivi, kisha huachana na mzigo. Tangu hapo mteja hana haja nayo tena. Kwa miongo mingi iliachwa ianguke baharini. SpaceX iliona kwamba anguko hilo ni uwanja wa majaribio uliokwisha kulipiwa: satelaiti imeshapelekwa juu, ankara imeshalipwa, na chuma kinachoshuka kingepotea kwa vyovyote vile. Kikivunjika, mteja hapotezi kitu.

Basi wakavunja vingi. Mwaka 2010 walitegemea parachuti, lakini roketi ilisambaratika kwa joto na kani za hewa kabla parachuti hazijafunguka. Septemba 2013 wakajaribu kuwasha injini wakati wa kushuka. Roketi ikazunguka kama pia, mafuta yakasukumwa kwenye kuta za tangi, injini ikakosa mafuta ikazima. Januari 2015 ilifika hadi kwenye tishari lililokuwa likiisubiri baharini, ila mapezi ya kuiongoza yaliishiwa mafuta ya haidroliki ikiwa imekaribia kabisa, ikaligonga. Aprili mwaka huohuo vali ya kudhibiti nguvu ya injini ilichelewa kuitikia, roketi ikafika imeinama ikapinduka. Katika safari zote hizo za 2015 mzigo ulifika salama kwenye kituo cha anga cha kimataifa. Kila kosa lilitengwa, likarekebishwa, likajaribiwa tena kwenye safari nyingine yenye mteja.

Ugumu wenyewe unastahili kuelezwa. Roketi hushuka kwa kasi ya maelfu ya kilomita kwa saa. Gesi ya naitrojeni huigeuza, injini tatu kati ya tisa huwashwa kuipunguza kasi isiungue, kisha mapezi manne yenye matundu huielekeza hewani. Mwishoni hubaki injini moja, na hapo ndipo penye mtihani. Injini hiyo, hata ikipunguzwa hadi kiwango chake cha chini kabisa, husukuma kwa nguvu inayozidi uzito wa roketi iliyokwisha mafuta. Maana yake haiwezi kuelea na kusubiri. Ikisimama mita kumi juu ya ardhi, itaanza kupanda tena. Kasi lazima ifike sifuri palepale miguu inapogusa chini.

Kompyuta ya roketi hulazimika kutafuta njia bora ya kushuka wakati safari ikiendelea. Mwaka 2007 watafiti Behçet Açıkmeşe na Scott Ploen, wa maabara ya JPL ya NASA, walionyesha kwamba hesabu hii, ambayo kwa kawaida inaweza kuikwamisha kompyuta, inaweza kuandikwa upya ili jibu bora lipatikane kwa uhakika na kwa haraka. Walikuwa wakifikiria kutua Mars. Lars Blackmore, aliyeuendeleza utafiti huo pamoja na Açıkmeşe, alihamia SpaceX akaongoza kazi ya kutua. Ninasisitiza hili kwa sababu hadithi ya ushujaa wa kampuni binafsi huwasahau watafiti wa serikali, pamoja na mkataba wa NASA wa dola bilioni 1.6 uliotolewa Desemba 2008 kwa ajili ya safari 12 za mizigo.

Kurudi kuna bei yake. Kwa satelaiti za obiti ya mbali, Falcon 9 isiyorudi hubeba tani 8.3, inayorudi hubeba kama tani 5.5, kwa kuwa sehemu ya mafuta hutunzwa kwa safari ya kushuka. Ndiyo sababu roketi ya Desemba 2015 ilikuwa toleo jipya lililopoza oksijeni hadi nyuzi 207 chini ya sifuri, na mafuta ya taa hadi nyuzi 7 chini ya sifuri, ili yasinyae na tangi lichukue mengi zaidi.

Washindani waliyaona yote haya. Blue Origin ndiyo iliyotangulia kutua, Novemba 2015, lakini roketi yake ya New Shepard ilipanda kama kilomita 100 na kushuka, bila kufikia kasi ya obiti. Kampuni hiyo ilikuwa pia imepata hataza ya kutua juu ya chombo baharini; SpaceX ikaipinga kwa kuonyesha andiko la Wajapani la mwaka 1998, na sehemu kubwa ya madai ikaondolewa. Ulaya iliamua mwishoni mwa 2014 kwamba roketi yake ya Ariane 6 itatumika mara moja tu. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi: kama una safari kumi kwa mwaka na roketi moja inaruka mara kumi, kiwanda kitaunda roketi moja kwa mwaka, na mafundi watakaa bure.

Kasoro ya hoja hiyo ni kudhani kwamba idadi ya safari haibadiliki. SpaceX ilijitengenezea mzigo wake yenyewe kwa satelaiti zake za intaneti za Starlink, na mwaka 2024 Falcon 9 iliruka zaidi ya mara 130. Ariane 6 iliruka mara ya kwanza Julai 2024. New Glenn ya Blue Origin ilitua baharini Novemba 2025, karibu miaka kumi baada ya usiku ule wa Florida.

Sisi tumo katika hesabu hii. Taifa-1, satelaiti ya Kenya, ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023 kutoka Vandenberg, California, kwa kuchangia safari na mizigo mingine zaidi ya 40, juu ya Falcon 9 ambayo sehemu yake ya chini ilikuwa inaruka mara ya 10. Nchi zenye satelaiti ndogo zimenufaika na unafuu wa bei wa safari kama hizo. Zina kila sababu ya kuwaombea Blue Origin, Ariane na wengine mafanikio ya haraka, kwa kuwa muuzaji akibaki mmoja, bei ataipanga yeye.