Sifa za Mpasua Mbao

Katika maneno ya Kiingereza yaliyo mepesi kutamkwa na mazito kwa kazi, mojawapo ni "board", ambalo asili yake si zaidi ya ubao mtupu uliotoka katika gogo, lakini ambalo Waingereza, kwa muda wa karne nyingi, wamelitumia hata likazaa ukoo mkubwa: meza ikaitwa hivyo kwa sababu ilikuwa ubao, chakula kikaitwa hivyo kwa sababu kiliandaliwa mezani, na wakubwa wa kampuni wakaitwa hivyo kwa sababu waliizunguka meza hiyo hiyo wakifanya shauri. Ubavu wa jahazi nao ulipewa jina hilo, na mpaka leo baharia wao huita upande wa kulia "starboard", yaani upande wa usukani, ijapokuwa meli yake ni chuma tupu na usukani ulikwisha hamia nyuma zamani.

Wenye Kiswahili hawakuzidiwa katika jambo hili. Ubao ni wa mwalimu. Bao ni la mchezo wenye mashimo 32 na kete 64, na la mpiga ramli, na la mpira uliotikisa wavu. Kibao ni cha dukani, na cha shavuni, na cha mwimbaji aliyependwa mwaka huo. Huko Butembo, mashariki ya Kongo, ambako Kifaransa kimetamalaki maofisini, ubao wa darasani ni tablo na wakubwa wa kampuni ni konsei, lakini mbao hubaki mbao. Nimeyataja haya kwa ajili ya mtu mmoja ambaye katika urithi wote huo hakuachiwa hata senti, naye ni mpasua mbao.

Barabara itokayo Beni kwenda Mambasa kwa njia ya Mangina, na ile ya Oicha na Eringeti iendayo Komanda, zote mbili zaingia katika mwitu wa Ituri, na humo ndimo zitokamo mbao nyekundu za libuyu, zipendwazo kwa milango na makabati. Butembo, iliyo kadiri ya kilomita 54 kusini ya Beni, juu milimani penye baridi, haina mwitu wa namna hiyo. Vilima vyake vimevikwa mikaratusi iliyopandwa kwa mikono ya watu, mti wenye haraka ya kukua na ukaidi wa kupasuka miisho.

Zamani kazi hii ilikuwa ya watu wawili na msumeno mrefu. Gogo hulazwa juu ya jukwaa au juu ya shimo, mmoja akasimama juu, ambaye kazi ya macho yake ni kuushika mstari, na mwenziwe akasimama chini, ambaye macho yake hujaa unga wa mti. Mstari wenyewe hupigwa kwa uzi uliochovywa katika weusi wa betri kuukuu zilizopondwa: watu wawili huuvuta hata ukakaza, kisha mmoja akauinua kwa ncha za vidole na kuuachilia, ukapiga gogo mara moja na kuacha alama iliyonyoka kuliko ahadi nyingi za wakubwa. Mstari ukikosewa hapo, hapana randa itakayousitiri baadaye.

Siku hizi mashine ya mnyororo, tronsonezi, imeushika uwanja. Fundi huibeba mikononi, pasi na reli wala kiongozi, akaitembeza juu ya alama ile hatua kwa hatua, kiuno kimeinama na moshi wa petroli umemfunika uso, na ubao ukatoka na unene mmoja mwanzo na mwisho. Nami sijui sanaa nyingine ambayo jicho na kiuno vyadaiwa kiasi hicho kwa pamoja. Hata hivyo mashine ina tamaa: kila ipitapo hula upana wa kidole, ilhali msumeno wa mkono uliridhika na kidogo, basi gogo lile lile hutoa mbao chache na unga mwingi. Nikiulizwa, nitasema msumeno ulikuwa na adabu zaidi. Lakini mimi sikupata kusimama chini ya shimo.

Fauka ya taabu hiyo iko hofu. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia yalipoanza kuandamana katika Beni, mwenye kuingia mwituni na mashine inayosikika mbali hujitangaza kwa rafiki na kwa adui, na wako walioiacha kazi ilhali hawana nyingine. Mbao zinazovuka mpaka Kasindi kuingia Uganda hazina alama ya jambo hilo.

Baada ya kupasua huja subira, ambayo wauzaji wengi hawanayo. Ubao mbichi hupangwa kivulini, na vijiti vyembamba huwekwa kati ya mmoja na mwingine ili upepo upite pande zote. Ukianikwa juani kwa pupa, utajipinda, na mlango utakaofanywa kwao utakataa kufungwa msimu wa mvua. Mnunuzi mwerevu huinua ncha moja hata usawa wa jicho, akafumba la pili, akatazama urefu wote. Kisha huupima uzito, maana ubao uliokauka ni mwepesi kwa mkono na hulia ukigongwa kwa vifundo vya vidole. Ukiwa mzito na bubu, asiutajie bei, hata muuzaji akimwapia kwamba umekaa chini ya paa tangu kiangazi.