Tuache kusema "Ituri inapigia kabila tu"

Ndugu tuliomaliza masomo, na ninyi mungali kwenye auditoire,

Kila kura ikipita, kwenye vikao vya wasomi hapa Bunia sentensi ni ileile: "Watu wa Ituri wanapigia kabila tu, hawana siasa." Anayeisema anajitoa mwenyewe ndani, sawa vile yeye alisoma programu za wagombea wote. Mimi nimechoka nayo. Ukweli kidogo uko ndani, lakini inatufichia mambo makubwa zaidi.

Turudi 2006. Vita ya Ituri ilikuwa ingali mbichi. UPC na FNI viliitwa kwa majina ya siasa, lakini kila mutu alijua kipi ni cha jamii gani. Kama kabila njo kila kitu, jamii zilizotoka kupigana zingegawanyika hata kwenye kura ya rais. Kumbe kwenye duru ya pili Ituri ilisimama pamoja na mashariki, ikamupa Joseph Kabila kura nyingi mbele ya Jean-Pierre Bemba. Watu walitaka vita iishe, na Mambasa haikuwa imesahau mambo ambayo askari wa Bemba walifanya kule 2002 na 2003. Unaweza kusema walikosea kumuamini Kabila. Lakini walikuwa na sababu, na sababu ile ni siasa.

Angalia pia Mahagi. Kule Waalur ni wengi sana, na wagombea vilevile. Kabila haiwezi kukueleza Mualur gani anashinda na gani anabaki. Sherti uulize juu ya chefferie, kanisa, franga, na nani alionekana siku ya matanga.

Kwa wabunge, ndiyo, "mutoto wa kwetu" anapita mbele. Lakini jiweke pahali pa mwenye kupiga kura. Februari 2022, kambi ya wakimbizi ya Plaine Savo, kule Djugu, ilishambuliwa na watu wa CODECO, wakaua karibu watu 60. Aliyepona kule anatafuta mbunge mwenye atashika simu usiku. Pahali serikali haifiki, ndugu anakuwa bima. Shida ni kwamba bima hii hailipi, na tunairudilia kila miaka tano.

Hailipi juu ya nini? Sehemu moja ni sheria yenyewe. Tangu 2017, chama au muungano wa vyama usipofikisha asilimia 1 ya kura za inchi nzima, haupati kiti cha ubunge wa taifa. Mwaka 2023 hiyo ilikuwa karibu kura 180,000. Mutoto wa kwetu anaweza kupendwa Irumu yote, lakini kama muungano wake haukupata kura za kutosha Kasai, Katanga na Kinshasa, anabaki nyumbani. Kwa hiyo anatafuta muungano mukubwa, anavaa shati lake, na akifika Kinshasa anamusikiliza mwenye shati. Sisi tulimutuma, mwingine anamuamuru.

Sehemu ya pili ni état de siège. Tangu tarehe 6 Mei 2021 gavana wetu ni mwanajeshi aliyewekwa na rais. Katiba inasema gavana anachaguliwa na wabunge wa jimbo. Desemba 2023 tulipiga kura ya wabunge wa jimbo, lakini kura ile haikutuchagulia gavana. Na siku ileile, hapa Bunia, watu wenye hasira waliharibu kituo cha kura. Wakimbizi walitaka kupigia wagombea wa kwao, walikotoka. Watu wasio na siasa hawakasiriki vile juu ya kura.

Sasa sisi wenyewe. Nani anaandika zile projet de société? Ni sisi, wenye licence bila kazi. Mwaka 2023 niliandikia mugombea mumoja kurasa mbili juu ya mbegu na barabara za kutoa mazao shambani. Alikuwa mutoto wa kwetu, na alilipa transport. Sikumuuliza hata mara moja kama atapiga kura ya kuendeleza état de siège. Kwenye agronomie tulifundishwa kupima udongo mbele ya kulaumu mbegu. Kwenye kura nililaumu mama wa sokoni, nami nilikuwa ndani ya shamba.

Kwa hiyo mbele ya 2028, mutu akikuitia kumufanyia kampanye, hata akiwa shemeji yako, muulize maswali matatu. Uko kwenye muungano gani, na mwenye nao alisema nini juu ya Ituri? Bunge lilikuwa linaongeza état de siège kila siku 15: wewe ungepiga kura gani, na juu ya nini? Wakimbizi wa Djugu wenye wako Kigonze, utafanya nini ili kura yao ihesabiwe kwao?

Akijibu vizuri na akiwa wa kwetu, mupigie, hakuna kosa. Akishindwa kujibu, umuambie mama yako na wajomba kwamba alishindwa. Kwetu habari ya mujomba inapita affiche yote.